Nyota 4 kwa jamaa wanaorekebisha ardhi baada ya makatapila ya kuzima moto, ya tano nimeinyima na sababu ninayo

Hii rivyu ni ya wale ambao moto umeshazimwa, watu wamepongezana, magari yameondoka, halafu umebaki wewe na mlima wako umechanwa na katapila toka kileleni mpaka mtoni. Na niseme mapema kabisa, wazima moto sina ugomvi nao hata kidogo, moto ulikuwa unakimbia na upepo unaugeuza geuza, walichofanya ndo kilichookoa nyumba na miti mingi tu, na dereva wa katapila usiku, moshi machoni, hawezi kukaa kupima mteremko kwanza. Ila asubuhi yake unakuta njia ya kuzuia moto upana wa bledi mbili (lile jembe la mbele la katapila), udongo wote wa juu umesukumwa pembeni ukawa tuta, katikati kumebaki ule udongo wa chini mgumu unaong'aa, na njia yenyewe imeshuka mlima wima bila kona hata moja. Maji ya mvua yanapenda sana njia ya namna hiyo.

Kampuni niliyoitumia jina sitalitaja, kuna suala la nyasi kavu sijamalizana nao (nitalieleza), kwa hiyo chukulia hii kama rivyu ya huduma yenyewe na vitu vya kuangalia ukiwa unaajiri watu wa kazi hii.

Kwanza tuelewane unanunua nini, maana watu wengi wanachanganya halafu wanaajiri watu wasiofaa. Kuna uharibifu wa moto wenyewe, miti imeungua, mteremko umebaki jivu tupu, udongo mwingine ukiungua sana unaanza kukataa maji, yanateleza juu juu badala ya kuzama. Halafu kuna uharibifu wa kuzima moto: njia za katapila, njia za majembe (za kuzuia moto zilizochimbwa kwa mikono), uwanja uliofyekwa ili helikopta itue, sehemu walipoegesha magari na kupiga kambi, fensi zilizokatwa mashine zipite, kalvati zilizopondwa na malori ya lobedi yanayobeba mashine, kivuko cha mto kilichojazwa udongo ili katapila livuke. Ni vitu viwili, vinatengenezwa tofauti, na mara nyingi vinalipwa na mifuko miwili tofauti. Marekani, ambako kazi hii ina taratibu zilizoandikwa, kwenye misitu ya serikali kuu ukarabati wa madhara ya kuzima unaingia kwenye gharama za moto huohuo na unatakiwa uanze mapema, ikiwezekana timu iliyozima ikiwa bado ipo, wakati madhara ya moto wenyewe yanapimwa na timu nyingine zinaitwa BAER (za dharura kwa maeneo yaliyoungua) ambazo tathmini yao inatakiwa iwe tayari ndani ya siku 7 hivi baada ya moto kudhibitiwa kabisa. Popote ulipo, hata kama taratibu ni nyingine, swali la nani analipia nini litakuja tu, na likija bila ya picha na vipimo unaumia. Ukishindwa kuonyesha kwamba hili korongo limeanzia kwenye njia ya katapila, hesabu inafungwa na we unabaki na korongo lako.

Hapo ndo hawa jamaa walinifurahisha mara ya kwanza. Hawakuja na mashine. Alikuja fomeni na kijana mmoja, wana simu, riboni za rangi rangi, reki ya mkono na jembe, basi. Wakatembea njia yote kwa miguu, na nasema yote, mpaka ile vipande vya juu ambako hata mimi nilikuwa sijafika tangu moto upite. Kila penye tatizo wanapiga picha, wanaweka alama kwenye ramani ya simu (kule juu hakuna mtandao, walikuwa wamepakua ramani kabla, wanatumia programu ya Avenza, inashika GPS bila intaneti), wanaandika ni nini, urefu gani, inataka mashine au mikono, na ni cha moto au cha kuzima. Kila alama ilikuwa na hali yake, haijaanza, inaendelea, imekwisha, imekaguliwa. Unaweza kusema mbwembwe za ofisini hizo ila subiri mpaka uwe na mashine mbili sehemu mbili tofauti na mtu wa malipo anakuuliza ile siku fulani ekskaveta ilikuwa wapi.

Kuna sehemu fomeni alisimama muda mrefu sana. Kwenye lile tuta la pembeni. Akapiga jembe mara moja, akachota udongo mkononi akaufikicha, mweusi, una vimizizi vya nyasi ndani, akasema, "Bosi, udongo wako haujapotea, umelala hapa pembeni tu. Kazi yetu ni kuurudisha kitandani." Halafu akapiga jembe palepale katikati ya njia, jembe likadunda. Mi kwa miaka naona watu wakimaliza kazi ya katapila wanamwaga mbegu juu ya ule udongo mgumu na wanaondoka, na mwaka unaofuata wanalalamika mbegu zilikuwa feki.

Tuje kwenye mashine maana hapa ndo pesa zinakoishia. Ukweli mchungu ni kwamba mashine iliyoharibu sio lazima iwe ndo mashine ya kurekebisha. Katapila linasukuma, halina mkono. Kurudisha tuta ndani ya njia unahitaji kitu kinachofika pembeni, kinachota, kinamwaga taratibu, kinashika gogo na kulilaza linapotakiwa, na hiyo ni ekskaveta yenye kidole kwenye baketi. Kampuni zingine mbili nilizoongea nazo zilitaka kuleta katapila kwa sababu ndo walilokuwa nalo, wakaniambia litafanya haraka zaidi. Haraka litafanya, sikatai, na sehemu tambarare linafaa vizuri tu, hasa kama lina meno ya nyuma ya kuchanua udongo ulioshindiliwa. Lakini kwenye mteremko mkali kila likigeuka linachimba upya palepale unapolipa ili pafunikwe. Hawa walileta ekskaveta ya wastani na opereta mtu mzima ambaye wote pale wanamwita Mzee, wakamwacha afanye kwa mwendo wake.

Mpangilio wake wa kazi niuelezee kidogo kwa sababu ndo kipimo kizuri cha kujua kama opereta anajua. Anakwenda mpaka mwisho wa njia kwanza, halafu anafanya kazi akirudi nyuma kuelekea alikoingilia, ili asikanyage tena alipomaliza. Alipofika anachanua ile sehemu iliyoshindiliwa, kama sentimita 20 au 30 hivi, sio kugeuza kama unalima, ni kuvunja tu ili maji na mizizi vipate pa kupita. Anachimba kinga maji (kituta kinachokata njia ili maji yatoke pembeni) kabisa. Halafu anavuta lile tuta, udongo wa juu unarudi juu, halafu ndo anavuta matawi na magogo na visiki vilivyosukumwa pembeni anavitandaza juu yake, vingine anavikandamiza kwa baketi ili vigusane na ardhi maana tawi linaloning'inia hewani halizuii kitu. Akisogea nyuma mita chache anarudia. Ukisimama pale unaona njia inapotea mbele ya macho yako, na ni kazi ya polepole mno, kuna siku nilikuwa naangalia saa ya mashine inavyokula na roho inauma, ila sehemu aliyopita Mzee na sehemu aliyopita kijana aliyemshikia siku ambayo hakuwepo unaziona tofauti mpaka leo.

Makinga maji ndo moyo wa kazi nzima na ndo sehemu watu wanadanganywa zaidi, kwa sababu kwa picha kila kituta kinaonekana kama kinga maji. Kinatakiwa kikate njia kwa mshazari, kisikatize njia moja kwa moja, ili maji yatiririke kwenda pembeni yasituame. Kinatakiwa kichimbwe ndani ya udongo mgumu, sio kurundika udongo laini juu ya njia, huo utaondoka na mvua ya kwanza. Sheria za misitu za California kwa mfano zinataka mkato uingie angalau inchi 6 ndani ya udongo imara, yaani sentimita 15, na nafasi kati ya moja na jingine inategemea mteremko na aina ya udongo: kwenye udongo unaomomonyoka vibaya kabisa, mteremko mpole chini ya asilimia 10 ni kila futi 100 yaani mita 30 hivi, mteremko ukizidi asilimia 25 ni kila futi 50, mita 15. Kwenye udongo mgumu usio na shida na mteremko mpole wanaruhusu mpaka futi 300. Kwa hiyo akija mtu akakwambia sisi tunaweka kila mita 50 kote, huyo hajaangalia ardhi yako, ameangalia bajeti.

Na kubwa kuliko yote ni mdomo. Maji yakishatolewa njiani yanakwenda wapi? Yanatakiwa yatokee kwenye majani, au kwenye magogo na mawe, mahali ambapo hayajaguswa na mashine, yatawanyike. Ukiyatoa yakaangukia kwenye udongo uliomwagwa, au kwenye barabara ya chini, au kwenye eneo lililoungua likabaki jivu, umehamisha tu korongo. Nilimwona fomeni akikataa kinga maji moja zuri kabisa kwa macho yangu mimi, refu, limenyooka, akaenda chini ya mdomo wake akachuchumaa, akakuta bado kuna kipande cha tuta hakikuvutwa kimeziba njia ya kutokea, maji yangejaa yakavunja ukuta. Akamrudisha Mzee mita kadhaa nyuma, kazi iliyokwisha ikafumuliwa ikafanywa upya, na Mzee hakununa. Kampuni ambayo fomeni anaweza kumrudisha opereta aliyemzidi umri na bado wanakunywa chai pamoja, hiyo kampuni ina utaratibu.

Kivuko cha mto nilikuwa nakiogopa na wao wenyewe walikiweka cha kwanza kabisa kwenye orodha, kabla ya mlima. Katapila lilivuka usiku, likasukumia udongo na magogo mtoni likapata daraja la haraka. Ukiacha hivyo mvua kubwa ikija maji yanajaa nyuma yake halafu linaondoka lote kwa mpigo na kila kilicho chini kinapata habari zake. Wao walisubiri maji yawe machache, wakatoa ule udongo wa kujazia kidogo kidogo wakiuweka juu mbali na kingo, sio kuusukuma ukingoni, wakaendelea mpaka wakakuta kokoto za zamani za mtoni. Hapo wakasimama. Nilitegemea watachonga mfereji mzuri mpana, fomeni akasema hapana, mto ulikuwa na upana wake, tunaangalia juu na chini ya kivuko una upana gani na tunaurudishia huohuo. Kingo wakazilaza zisiwe wima, wakatandaza matandazo siku hiyohiyo, mawe makubwa yaliyotoka mtoni yakarudi mtoni. Kalvati ya barabara ya kuingilia ilikuwa imepondwa mdomo na lobedi, wakaifungua ile iliyokunjika na kuzibua upande wa juu, na wakaniambia wazi kwamba hii ni ya kuvushia msimu tu, inahitaji kubadilishwa na sio kazi yao. Napenda mtu anayesema hii sio kazi yangu kabla ya kuifanya vibaya.

Sasa tuje kwenye nyota niliyowanyima.

Kufunika udongo. Sehemu ambazo hazikuwa na matawi ya kutosha wakaagiza marobota ya kutandaza. Mkataba unasema mabua makavu yasiyo na mbegu za magugu. Kilicholetwa kwenye mzigo wa pili ni nyasi kavu za malisho. Anayejua anajua, mabua ni kile kinachobaki nafaka ikishavunwa, mbegu zimeshatoka nyingi, nyasi za malisho zinakatwa na mbegu zake zote ili ng'ombe ale. Ukizitandaza mlimani umepanda. Niligundua robota likiwa limeshafunguliwa, nikavuta kiganja kimoja nikalikung'uta juu ya boneti ya gari, mbegu zikamwagika za aina sijui ngapi, nyingine zina vile vishikio vinavyong'ang'ania soksi. Nikapiga simu. Fomeni alikasirika kuliko mimi na akasimamisha kazi palepale, sifa kwake, lakini ofisi yao ikaanza maneno, mara muuzaji ndo alikosea, mara nyasi ni nyasi, mara zitasaidia kushika udongo. Kipande kilichokuwa kimeshatandazwa kikabaki. Na sasa hivi kimeota kitu ambacho hakikuwepo hapa kabla ya moto, kimepiga kichaka, kinasambaa kando ya njia.

Usidharau hili. Njia ya katapila ni barabara kuu ya magugu hata bila nyasi za mtu, udongo umefunguliwa, jua linapiga, mashine zimetoka mashamba mengine na matope kwenye minyororo. Ndo maana kuosha mashine kabla ya kuingia kunatakiwa kuwa kwenye mkataba, na hawa waliosha, niliona kwa macho, kijana na pampu anachomoa matope kwenye rola kwa bisibisi. Kwa hiyo waliosha mashine vizuri halafu wakaleta magugu kwa lori. Hapo ndo nyota ilipoondokea.

Kuhusu kupanda mbegu waliniuliza nataka, nikakataa na wao wakaonekana kupumua. Zamani ilikuwa kawaida kumwaga mbegu za nyasi zinazoota haraka baada ya moto, ila tafiti nyingi zilizofanywa Marekani zimeonyesha mara nyingi mbegu hazipunguzi mmomonyoko sana msimu wa kwanza, maana mvua kubwa zinafika kabla nyasi hazijashika, na pale zinapoota vizuri zinabana mimea ya asili isirudi. Matandazo yanafanya kazi siku hiyohiyo unayoyatandaza. Udongo wa juu ukirudishwa una mbegu zake humo humo ndani.

Vitu vidogo vidogo. Ile dawa nyekundu ya kuzuia moto iliyomwagwa na ndege ilikuwa imebaki kwenye mawe karibu na tangi la maji, wakaosha pale tu na wakahakikisha maji ya kuoshea hayaelekei mtoni. Ile kitu kwa sehemu kubwa ni mbolea, chumvi za amonia na fosfeti na rangi, ukimwaga ardhini utaona majani yamechangamka (na magugu pia), ila ikiingia mtoni samaki wanakufa, ndo maana Idara ya Misitu ya Marekani inataka marubani waache futi 300 kila upande wa maji, mita 90 hivi. Njia za majembe kule juu kwenye mawe walizifanya kwa mikono, vijana wanne na reki, wakarudisha majani na mboji pembeni na kuweka vikinga maji vidogo, safi kabisa sina la kusema. Uwanja wa helikopta wakauchanua na kuutandazia matawi. Fensi wakaifunga kwa waya wa kuunga unga na kusema ya kudumu itakuja, haijaja.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea ni jinsi walivyofunga mdomo wa njia. Njia mpya ikishakuwepo mtu wa pikipiki ataiona tu, na akipita mara mbili makinga maji yote yamekatwa katikati na kazi imekwisha. Wao kipande cha kwanza kinachoonekana kutoka barabarani walikifanyia kazi mara tatu ya kwingine, mawe makubwa yamezikwa nusu, magogo yamelazwa kila upande, vichaka vimesimamishwa mpaka ukipita huoni kama kuna njia. Ndani zaidi hawakujisumbua na urembo. Ni akili hiyo, maana nimeona sehemu wameweka kibao cha usipite na mnyororo, na pikipiki zikapita pembeni ya mnyororo.

Usalama walikuwa wakali kiasi cha kuudhi. Kabla ya mtu yeyote kuingia na mashine, mtu wa msumeno anapita kuangalia miti iliyoungua mizizi, ile inayosimama ikiwa mizima kumbe chini imeshaliwa yote, na inaanguka bila upepo wala kelele. Halafu mashimo ya visiki vilivyoungulia chini ya ardhi, juu unaona jivu limelala vizuri, mguu ukiingia unakuta bado kuna moto. Upepo ukizidi kazi inasimama, na muda wa kusimama unalipia kiasi fulani kwa mujibu wa mkataba, soma hicho kipengele. Udongo ukiwa umelowa chapachapa vilevile wanasimama, na hapo nawaunga mkono hata kama pesa inaniuma, mashine nzito kwenye udongo uliolowa inashindilia upya kile ilichokuja kuchanua. Udongo ukiwa na unyevu kidogo ndo wakati wake.

Malipo tulikwenda kwa saa ya mashine pamoja na usimamizi, na nawashauri hivyo kuliko kulipa kwa mita za njia iliyorekebishwa. Mtu wa mita anakimbia, na anakimbilia sehemu rahisi, sehemu ngumu anaacha mwisho ambapo mvua inamkuta. Ila kwa saa unatakiwa uwe na karatasi ya kila siku yenye saa ya kuanza na kumaliza ya kila mashine, alama zilizokamilishwa, na sahihi yako. Wao walileta kila jioni, kwa picha ya simu, mara mbili saa hazikulingana na kipima saa cha mashine na walirekebisha bila ubishi. Invoisi ya mwisho ndo ilichelewa na ilikuja imechanganya kazi ya kuzima na kazi ya moto kwenye mstari mmoja, baada ya ule utaratibu wote wa kule mlimani! Ikabidi nirudishe, watu wa malipo wasingeipokea. Fomeni na ofisi yao sijui kama wanaongea lugha moja.

Mvua zilipokuja nilitembea njia yote na mwavuli, kwa sababu kipindi cha mvua ndo unaona maji yanafanya nini, ukienda jua likiwaka unaona matope tu unabaki kukisia. Makinga maji karibu yote yalishika. Ya juu kabisa yalikuwa yanamwaga maji machafu kidogo kwenye majani, mita chache chini yake maji yameshazama. Moja lilipasuka, kwenye kile kipande alichofanya yule kijana, ukuta ulikuwa wa udongo laini. Kwa kuwa chini yake kulikuwa na jingine karibu, maji yakadakwa pale na hasara ikawa mfereji wa urefu wa gari. Nikawatumia picha na alama ya ramani, wakaja, Mzee mwenyewe, akachimba upya, hawakudai kitu maana ukaguzi baada ya mvua kubwa ya kwanza ulikuwa ndani ya mkataba. Kama mkataba wako hauna hicho kipengele, usisaini. Kivuko cha mto kilipita maji mengi na kingo hazikusogea.

Nani awatumie watu wa namna hii? Kama una njia fupi ya majembe kwenye sehemu tambarare, usipoteze pesa, chukua reki na vijana wawili rudisha udongo na majani, weka vikinga maji kwa mshazari, umemaliza. Kama una mteremko mkali, au mto, au njia inayoonekana kutoka barabarani, tafuta watu wenye ekskaveta na fomeni anayetembea, na mpigie simu moto ukiwa bado unafukiza, kwa sababu moto mmoja unaharibu mashamba mengi kwa wakati mmoja na wote mnatafuta opereta yuleyule mzuri kabla ya mvua ileile. Kwenye marobota, andika neno mabua kwenye mkataba, weka haki yako ya kukataa mzigo, na fungua robota moja wewe mwenyewe kabla lori halijashusha.

Suala la kung'oa yale magugu bado tunavutana, ofisi inasema watatuma vijana mwisho wa msimu, mi nimewaambia yakishamwaga mbegu haina maana tena, waje kabla hayajatoa maua au watume pesa nitafute vijana mwenyewe.